Kigoda Kando ya Mlango

Kila asubuhi Mama Pasi aliwasha pasi, akalowesha kidole, akaigusa haraka. Ikilia tss, kazi imeanza. Pasi yenyewe ilikuwa na taa ya kuonyesha kwamba imepata moto, lakini Mama Pasi hakuiamini taa. Alikiamini kidole chake.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo. Mashuka ya hoteli, foronya za hospitali, makoti ya madaktari, vyote vilipita mikononi mwake. Viliingia vimejikunja kama uso wa mtu aliyenuna, vikatoka vimenyooka.

Kando yake alisimama mwenzake wa kukunja. Huyo watu walimwita Redio. Alianza kusema akivua viatu asubuhi, akanyamaza akivivaa jioni. Alijua nani kagombana na nani, nani kahama, na nani anajidai kahama kumbe kafukuzwa. Mama Pasi alimsikiliza tu. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, kwa hiyo maneno ya Redio aliyapokea yote.

Alikuwa mjane. Alikaa katika nyumba ndogo ya vyumba viwili. Mwanawe alikuwa fundi wa friji, na aliishi upande wa pili wa jiji na mkewe na binti yao mdogo. Si mbali. Ni basi moja tu, hata halibadilishwi. Lakini hawakuja. Mwanawe alipiga simu kila mwisho wa mwezi, kama mtu anayelipia maji.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, baba. Mjukuu wangu je?"

"Hajambo. Haya, mama."

Basi, imekatika. Mama Pasi aliiangalia simu kidogo, halafu akaiweka. Alipika chai kwa birika kubwa kwa sababu mkono ulishazoea, akanywa kikombe kimoja, nyingine akaimwaga. Mezani palikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia yeye. Cha pili kilikaliwa na mkoba wake.

Kulikuwa pia na kigoda cha mbao, kifupi, cheusi kwa uzee. Kilikaa pembeni kimefunikwa kitambaa. Hicho hakuna aliyekikalia. Hata mkoba haukuwekwa pale.

Jambo moja kuhusu Mama Pasi liliwachekesha wenzake. Hakuwa mtu wa kuumwa. Mvua ikinyesha, yuko kazini. Mafua yakimshika, yuko kazini. Ila siku moja tu kwa mwaka alitoa taarifa kwamba ana homa: tarehe tisa ya mwezi wa tisa. Kesho yake alirudi mzima kabisa.

"Homa ya huyu mama ina kalenda," Redio alipenda kusema. "Sisi wengine homa hutuvamia. Yeye wameandikishana mkataba."

Watu walicheka, Mama Pasi naye akacheka kidogo, na pasi ikaendelea kwenda mbele na nyuma.

Asubuhi moja gari la matangazo la jiji lilipita nje. Kipaza sauti kilikwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikasikika hadi ndani.

"Wananchi, wananchi! Baraza la jiji limepitisha kwamba kuanzia mwaka huu, tarehe tisa ya mwezi wa tisa itakuwa siku ya mapumziko ya jiji letu. Ni siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa, na kuwakumbuka watu wote waliofanywa watumwa hapa. Shule na ofisi zitafungwa. Wote mnakaribishwa uwanjani!"

Redio aliacha shuka mikononi limening'inia. "Tisa tisa!" akasema kwa furaha. "Jamani, si ndiyo siku ya homa ya Mama Pasi?"

Chumba kizima kilicheka. Halafu kicheko kikapungua, kikawa kama kimekatwa katikati. Mmoja alimtazama Mama Pasi, mwingine naye akamtazama. Watu walikuwa wanawaza, na mawazo yao yalikuwa yanafika mahali pamoja.

Mama Pasi hakuinua uso. Aliganda pale, mkono juu ya pasi.

"Kitu kinaungua!" mtu akapiga kelele.

Ilikuwa shuka la hoteli. Katikati pake palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Bosi alitoka ofisini mbio.

"Mama Pasi? Wewe?" Hakukasirika. Alishangaa tu. "Tangu nifungue kiwanda hiki hujaunguza hata leso."

"Samahani, bosi," alisema Mama Pasi.

Jioni ile alifika nyumbani, akafunga mlango, akakaa mbele ya kigoda chake. Alikuwa na aibu na hofu, vyote pamoja. Siri iliyofichwa na wanawake wanne ilikuwa imetajwa na kipaza sauti cha barabarani.

Siri yenyewe ni hii. Mama yake bibi alifanywa mtumwa akiwa mtoto. Alikamatwa pamoja na mdogo wake wa kike. Wakauzwa mbalimbali. Yeye alibaki katika jiji hili, mdogo wake akapelekwa kusikojulikana. Jina halisi la yule mdogo lilipotea. Lililobaki ni lile la utani: Kicheko, kwa sababu alipenda kucheka.

Siku utumwa ulipokomeshwa, yule dada alipata chumba cha kupanga. Kitu cha kwanza alichotafuta ni kigoda. Alikiweka kando ya mlango, akauacha mlango wazi mchana kutwa, ili Kicheko akipita aone pa kukaa. Kicheko hakupita. Mwaka uliofuata, siku ile ile, akafungua tena mlango. Alipokufa, binti yake akashika zamu. Kisha mama yake Mama Pasi. Kisha yeye.

Lakini walifanya kwa siri. Mama Pasi alipokuwa msichana, siku moja bombani mwanamke mmoja aligombea foleni na mama yake. Akamrushia maneno mbele ya watu: "Nyinyi watu wa kununuliwa mnajidai nini?" Mama yake hakujibu. Aliinua ndoo ikiwa nusu, akaenda zake. Walipofika nyumbani akamwambia bintiye, "Umesikia? Haya mambo yasitoke nje ya mlango huu. Hata watoto wako usiwaambie mpaka wawe watu wazima."

Mama Pasi alitii. Alitii kupita kiasi. Mwanawe alipokuwa mdogo alikikalia kigoda siku ya tarehe tisa, akachezesha miguu. Mama Pasi alimpiga kibao. Ndicho kibao pekee alichowahi kumpiga, na hakumweleza sababu. Mtoto akakua, akawa mtu mzima, akaoa, na bado hakuelezwa. Kila mwaka mama yake alisema moyoni, mwaka huu nitamwambia. Mwaka ukapita.

Halafu likatokea la miaka miwili iliyopita. Mkwe wake alikuja kumsalimia bila taarifa, amemshika binti yake mkono. Ilikuwa tarehe tisa. Walimkuta Mama Pasi amekaa mlangoni, anaongea na kigoda kitupu. "Kicheko, karibu. Njoo ukae." Mkwe alisimama kama mti. Mama Pasi alishtuka, akaona siri imevuja, akasema neno la kwanza lililomjia:

"Ondokeni! Leo si siku ya kuja!"

Waliondoka. Hawakurudi tena.

Kesho yake baada ya lile tangazo, bosi alikuja kiwandani na tatizo. "Hospitali haina mapumziko," alisema. "Nahitaji watu wachache wa kuja kazini tarehe tisa. Nani atakuja?"

Mama Pasi aliinua mkono kabla ya wote. Alikuwa ameamua. Mwaka huu hatakuwa na homa. Mwaka huu mlango utafungwa, kigoda kitabaki chini ya kitambaa, na watu wakimwona kazini watasema, kumbe tulimdhania tu. Alidhani angejisikia mwepesi. Badala yake alijisikia kama mtu aliyemfungia mgeni nje.

Bosi alifurahi, lakini alikuwa na wasiwasi wa kuvunja sheria asiyoijua. Akaomba jiji limtume mtu wa kuwaelimisha. Wiki hiyo hiyo akaja afisa wa maendeleo ya jamii, binti mwenye raba zilizoliwa na lami na mkoba begani. Alikuta wafanyakazi wanakula mchana. Hakutafuta kiti. Alikaa juu ya furushi la mashuka kama wao.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Karibu."

Bosi alianza. "Niambie, je, ni lazima nifunge? Hospitali haiwezi kulaza wagonjwa kwenye mashuka machafu."

"Si lazima kufunga kila kitu," alisema Afisa. "Hospitali, zimamoto, maji na umeme vinaendelea, na kazi zinazovisaidia vilevile. Lakini atakayefanya kazi siku hiyo afanye kwa hiari yake, na apewe siku nyingine ya kupumzika. Usimlazimishe mtu, bosi. Hiyo siku kuliko zote, usimlazimishe mtu kufanya kazi."

Walicheka. Hata bosi alicheka, akajikuna kisogo.

Redio akadakia. "Lakini dada, mambo hayo si ya kale? Waliofungwa minyororo wamekufa. Waliowafunga wamekufa. Sasa sisi tunapumzikia nini?"

"Swali zuri," alisema Afisa. "Nitakueleza. Tarehe tisa ndiyo siku tangazo liliposomwa hapa jijini kwamba hakuna mtu atakayekuwa mali ya mtu mwingine. Unadhani watu wote walisikia siku ile?"

"Si limesomwa?"

"Limesomwa, ndiyo. Lakini wengi waliowamiliki watu waliificha habari. Walitaka mavuno yaishe kwanza. Kuna waliotumikishwa miezi mingi baada ya kuwa huru, hawajui. Na walipojua, walitoka mikono mitupu. Hawakupewa shamba, wala nauli, wala pole. Unajua wengi wao walianza kutafuta nini?"

"Chakula," alisema mmoja.

"Ndugu zao," alisema Afisa. "Mama aliuzwa huku, mtoto kule. Walitembea mji kwa mji wakiuliza. Mmemwona mtu mwenye kovu hapa? Mmemsikia mtu anayeimba hivi?"

"Waliwapata?" aliuliza Redio. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wachache. Wengi hawakuwapata. Halafu wakanyamaza, kwa sababu walichekwa. Neno mtumwa likageuzwa tusi. Hebu fikirini. Mtu ameibiwa, halafu anachekwa kwa kuibiwa, na mwizi anapewa kiti cha mbele. Hakuna aliyezaliwa mtumwa. Kuna watu waliofanywa watumwa, na kuna watu waliowafanya. Jiji linapotenga siku, linasema mbele ya wote kwamba hili lilitendeka hapa, na lilikuwa kosa. Aibu si ya waliotendewa. Ndiyo maana tunapumzika."

Mama Pasi alikuwa ameshika kijiko. Alikigeuzageuza sahanini.

"Mwaka huu nimepita nyumba nyingi," Afisa aliendelea. "Nimekuta mambo. Kuna nyumba ambayo kila tarehe tisa wanaacha sufuria wazi mchana kutwa, bila kifuniko. Nyumba nyingine wanaweka jozi ya ziada ya viatu mlangoni. Ukiwauliza kwa nini, wanasema bibi alifanya hivyo. Kumbe wote wanamngoja ndugu. Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake jiji zima."

"Na kigoda?"

Mama Pasi alisikia sauti, akachelewa kutambua kwamba ni yake.

"Kigoda gani, mama?" Afisa aliuliza taratibu.

"Kigoda kando ya mlango. Mlango ukiwa wazi."

Redio aliacha kutafuna. Hata mashine zilionekana kunyamaza, ingawa zilikuwa zinazunguka kama kawaida.

"Hicho sijakisikia bado," alisema Afisa. "Tueleze, mama, ukipenda. Usipopenda pia sawa."

Mama Pasi aliweka kijiko chini. Akaeleza. Alieleza habari za mama yake bibi, za Kicheko, na za mwanamke wa bombani. Hakujua kama anaeleza vizuri, kwa sababu hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Redio hakumkatiza hata mara moja. Kiwanda hakijawahi kuona ajabu kama hiyo.

"Sasa nina mjukuu," Mama Pasi alimalizia. "Yuko darasa la kwanza. Mambo mazito kama haya mtoto ataambiwa vipi? Nisubiri akue?"

"Usisubiri," alisema Afisa. "Tusipowaambia, watajitungia wenyewe, na watakayotunga yatakuwa ya kutisha kuliko ukweli. Mwambie kwa maneno machache. Sema nini kilitokea. Sema nani alikosa. Usimpe picha za kumtia hofu. Halafu mwambie watu wenu walifanya nini ili wakutane tena. Kisha mwache aulize. Swali usilolijua jibu lake, sema hujui."

"Na baba yake?"

"Baba yake vilevile. Watu wazima nao huuliza, nao huambiwa." Afisa alifikiri kidogo. "Mama, hicho kigoda hasa ni cha nani?"

"Cha ndugu," alijibu Mama Pasi. "Ndugu yeyote wa kwetu atakayepita na..."

Akajishika mdomo.

Alikuwa amewaona. Mkwe wake na yule mtoto mdogo, wamesimama mbele ya mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya ndugu. Vizazi vinne vya wanawake walikaa wakingoja ndugu apite. Ndugu walipita, na yeye aliwafukuza.

Machozi yalimtoka pale pale, mbele ya wote, na hakuyafuta.

Watu walipotawanyika Redio alibaki. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Dada," alisema, "ule utani wangu wa homa..."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini mdomo wangu nao! Sikiliza. Zamu yako ya tarehe tisa naishika mimi. Usinibishie."

Mama Pasi hakubisha.

Siku ya pili yake alipanda basi lile moja lisilobadilishwa. Mkwe wake aliuza katika duka la dawa. Alipomwona mama mkwe ameingia, alishtuka, akaacha chupa alizokuwa anazipanga.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Siumwi. Nimekuja kukuomba radhi."

Mteja mwenye kikohozi aliingia. Wakamngoja anunue, akakohoa, akatoka. Ndipo Mama Pasi akaanza kueleza. Hadithi ilikatwa na mama wa mtoto mchanga, ikakatwa na mzee aliyetaka kusomewa maandishi ya kwenye boksi. Kila mara Mama Pasi alisogea pembeni, akangoja, akaendelea alipoishia. Aliogopa kwamba akitoka nje hatathubutu kurudi.

Alipomaliza, mkwe wake aliinama juu ya kaunta.

"Siku ile mtoto alilia njia nzima," alisema. "Aliniuliza, bibi hanipendi?"

Mama Pasi alihisi maneno hayo yamemwingia kifuani.

"Na mimi, samahani mama, nilidhani una mambo ya mashetani. Nilisikia unakikaribisha kigoda."

"Ungejuaje? Sikukwambia."

"Mwanao anajua?"

"Hajui kitu. Nilimpiga kibao tu."

"Hicho kibao!" Mkwe alitikisa kichwa. "Kila tukizungumza habari zako, anafika kwenye kibao, ananyamaza. Kwake habari inaishia hapo." Alishika chupa, akaiweka sawa ingawa ilikuwa sawa. "Nitamwambia, mama. Lakini siahidi kwamba atakubali kuja tarehe tisa. Unamjua mwanao."

"Namjua," alisema Mama Pasi. "Ni mkaidi kama mimi."

Tarehe tisa ilifika. Mama Pasi alifagia, akafungua mlango hadi mwisho, akauwekea jiwe usijifunge. Akatoa kitambaa, akakiweka kigoda kando. Halafu akaleta kiti chake, akakaa.

Watu walipita kuelekea uwanjani wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, baba na watoto mabegani, bibi wanashikwa mikono na wajukuu. Wengine walimpungia mkono. Fundi cherehani wa nyumba ya mbele, jirani ambaye salamu yake ya miaka yote ilikuwa "Salama?" na kufunga mlango, alichungulia dirishani akarudi ndani. Halafu barabara ikawa tupu. Jiji zima lilikuwa uwanjani, na yeye alikuwa na kigoda chake.

Kwa mbali alisikia vipaza sauti. Kisha vikanyamaza vyote kwa pamoja, na magari nayo yakanyamaza. Zilikuwa dakika za ukimya wa jiji. Mama Pasi aliyezoea ukimya hakuwahi kusikia mkubwa kama ule. Lakini huu, alijiambia, leo nimeshirikiana na wengine.

Watu waliporudi, alianza kusema. Miaka yote alinong'ona. Leo alisema kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu wa kweli.

"Kicheko, leo jiji lote limekutaja, ingawa jina lako hawalijui. Karibu ukae. Dada yako alikungoja. Na mimi nakungoja." Akapumua. "Lakini leo, nisamehe, kuna wengine nawangoja zaidi yako."

Mchana ulikwenda. Chai katika birika kubwa ilipoa, akaipasha, ikapoa tena. Alitazama upande linakotokea basi. Basi lilikuja, likashusha watu wengine. Likaja lingine. Akasema moyoni, hawaji. Akajiambia asilie, halafu akasema, na nikilia nani ananiona. Jua lilikuwa limeanza kupungua alipoinuka kwenda kutoa lile jiwe mlangoni.

Aliinama kulishika, akaona viatu vya mwanamume. Vilikuwa na doa la mafuta ya mashine.

Mwanawe alisimama nje ya kizingiti. Nyuma yake walikuwepo mkewe na mtoto. Alimtazama mama yake, kisha akatazama kigoda.

"Mama," alisema. "Leo ni siku ya kuja?"

Mama Pasi alishika fremu ya mlango. "Leo ndiyo siku ya kuja, baba. Ndiyo hasa. Ingieni."

Waliingia. Watu wazima walisimama, kila mtu akingoja mwingine aseme. Mtoto hakungoja. Alizunguka kwa macho, akaona viti viwili virefu na kimoja chenye kimo chake. Akaenda moja kwa moja, akakaa juu ya kigoda, akachezesha miguu.

"Inuka hapo!" Mwanawe aliruka, mkono umenyooka kumvuta. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepigwa kibao jana.

"Mwache," alisema Mama Pasi.

"Mama, lakini..."

"Mwache akae. Nilikosa kukupiga, mwanangu. Ulikaa mahali pako, nami nikakupiga. Nisamehe."

Mwanawe alishusha mkono. Aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mkewe alimshika mgongoni.

Mtoto aliwatazama wote. "Bibi, hiki ni kigoda cha nani?"

Mama Pasi alichuchumaa mbele yake. Magoti yalilia, hakuyajali. Akakumbuka alivyofundishwa: maneno machache, na ukweli.

"Zamani, watu wabaya waliwachukua watoto wa watu, wakawauza. Walikosa sana. Katika watoto hao walikuwemo dada wawili wa kwetu. Wakatenganishwa. Yule mkubwa alipopata uhuru, akaweka kigoda hiki mlangoni, ili ndugu yake akija apate pa kukaa. Tumekuwa tukingoja tangu hapo."

Mtoto alifikiri. "Sasa ndugu amekuja?"

Mama Pasi alimtazama mjukuu wake. Alikuwa amekua. Jino moja la mbele lilikuwa limeng'oka, na yeye hakuwepo lilipong'oka.

"Amekuja," alisema.

Nje ilisikika sauti inayomtangulia mwenyewe. Ilikuwa ya Redio, ametoka zamu, anamwuliza kila aliyekutana naye nyumba ya Mama Pasi ni ipi. Mama Pasi aliangalia mezani. Watu wanaongezeka, viti ni viwili. Miaka mingi hakuwahi kuwa na shida ya namna hiyo. Akatoka akijifuta macho, akagonga mlango wa mbele.

"Jirani, niazime viti. Nina watu nyumbani."

Fundi cherehani alikuwa amesikia yote kupitia dirisha lake. Alikohoa kidogo. "Nikuletee viwili," alisema, "na changu cha tatu nije nacho mwenyewe? Kwetu, mama yangu alikuwa anaacha sufuria wazi."

"Njoo nacho," alisema Mama Pasi.

Chai ilipashwa mara ya tatu, na safari hii birika lote liliisha. Redio alisema kwa niaba ya watu wanne. Viti vyote vilikaliwa, na mkoba wa Mama Pasi ukawekwa sakafuni.